Kopo Tupu Kwenye Kompyuta ya Kwaya

Jumatatu, 17 Februari

Hili sijamwambia mtu. Si mama, si mchungaji, na hata Mungu sijamwambia kwa sauti. Mimi ndiye niliyefuta.

Nieleze vizuri. Alhamisi iliyopita nilipewa kazi ndogo tu, kuhamishia picha za ubatizo kwenye kompyuta ya kwaya. Ikakataa. Imejaa. Nikatafuta kilichoijaza. Nikakuta folda moja yenye mafaili zaidi ya elfu nne, madogo madogo, yenye majina kama ya dawa za mifugo. Hakuna hata moja lililokuwa wimbo! Nikajua ni virusi. Nikafuta yote. Nikamwaga na pipa la taka ili yasirudi. Picha zikaingia. Nilijisikia kama mtu aliyemaliza kufagia uwanja.

Jana baada ya ibada Mzee Yonathani, mwenyekiti wa kwaya, akafungua programu ya nyimbo. Ni ile aliyoitengeneza kaka Clever wa kwaya kabla hajaenda kusoma Dodoma, inayorusha maneno ya wimbo ukutani ili kanisa zima liimbe. Ukuta haukuleta wimbo. Ulileta mstari wa Kiingereza, herufi kubwa kama ndama: hakuna moduli yenye jina la pygame.

Mzee Yonathani akasema ni radi ya Ijumaa. Mama mchungaji akasema ni popo, amewasema popo hao tangu mwaka juzi na hakuna aliyemsikiliza. Tabita wa sauti ya kwanza akasema hapana, hapo kuna mtu amegusa. Mimi niliangalia viatu vyangu. Kimoja kinahitaji gundi.

Halafu Mzee Yonathani akauliza nani anajua kompyuta. Tabita akanyoosha mkono mpaka bega likapanda. Ana cheti cha wiki tatu kutoka Vwawa, amekivalisha plastiki. Mimi sikunyoosha chochote. Nilikuwa na mbu sikioni, nikatikisa kichwa kumfukuza. Mzee akasema, "Vizuri, Tumpale amekubali."

Sikuweza kukanusha. Kukanusha kunahitaji kuongea.

Baadaye nikafikiri, mbona ni bora hivi! Jumapili ijayo ni tamasha, kwaya zinatoka Mlowo, Hasamba na Ileje. Mzee Yonathani ana duka la stesheneri karibu na stendi na anatafuta msichana wa kuchapa na kutoa kopi. Ametangaza mbele ya watu wote kwamba atakayeifanya programu iimbe Jumapili, Jumatatu anakaa kwenye kile kiti dukani. Kiti kinazunguka. Nimekiona.

Na mama naye ametangaza lake. Nisipopata kazi mpaka Jumapili, Jumatatu hiyo hiyo napanda gari kwenda Galula kwa mama mkubwa Germana, anayewapikia wachimbaji wa dhahabu. Nitakaa naye mpaka nafasi za vyuo zitoke. Sikatai kazi. Lakini Galula kwa mama mkubwa hakuna kompyuta, na watu wote wanaongea kwa kupiga kelele. Mtu akinipigia kelele huwa nasahau hata jina langu.

Kwa hiyo ni kiti au sufuria. Nina hakika ya kiti kwa asilimia tisini na nane.

Jumanne, 18 Februari

Nimesoma kwenye simu tangu asubuhi, kompyuta ya mpakato niliyokabidhiwa Jumapili ikiwa mapajani. Sasa naelewa nilichokifuta. Vile vifaili vinaitwa maktaba. Kaka Clever hakujiandikia mwenyewe namna ya kuchora herufi ukutani. Aliazima kazi ya watu waliokwisha kuiandika, akaiweka pembeni, programu ikawa inaiazima kila ikifunguliwa. Mimi nimefuta vyote vya kuazima, hiyo pygame ikiwemo. Vyote. Hata kile kifaa kinachoagiza maktaba nyingine kutoka mtandaoni nimekifuta, nacho kilikuwa mle mle.

Ningeweza kumpigia kaka Clever. Niliandika namba. Nikafikiria kwamba atasema haloo. Nikafuta namba.

Badala yake nimepata mpango wa akili sana. Programu inalalamika kwamba hakuna kitu chenye jina la pygame. Basi nikaipa kitu chenye jina la pygame! Nimetengeneza faili tupu, nikaliandika jina hilo, nikaliweka ubavuni kwa programu. Ni kama kuweka kopo tupu kabatini na kulibandika karatasi ya Sukari. Nikabonyeza.

Lalamiko limebadilika! Sasa inasema pygame ipo, ila haina kitu kiitwacho init, ambacho nadhani ndicho cha kuanzia kazi. Juzi haikuiona kabisa, leo imeiona na inalalamikia tabia zake tu. Hayo ni maendeleo. Nimekula maandazi mawili.

Saa kumi nilimkuta Tabita bombani. Akaniuliza kama nahitaji msaada, eti kule Vwawa walifundishwa kupanga mafaili. Nikatikisa kichwa kushoto na kulia, halafu nikaona ni jeuri, nikakitikisa juu na chini. Akacheka. "Sasa ni ndiyo au hapana, mdogo wangu?"

Mdogo wangu! Kanizidi miezi minne.

Akasema basi, yeye anaandika nyimbo zetu zote kwenye karatasi za manila kwa kalamu nene, ikitokea. Nilitaka kuuliza ikitokea nini. Nilipopata ujasiri alikuwa ameshajitwika ndoo na kufika kwa fundi cherehani.

Lile faili tupu nimeliacha pale pale. Linaweza kusaidia.

Jumatano, 19 Februari

Siku ya matendo. Nimeamua kuweka Python mpya kabisa, hiyo ndiyo lugha ambayo programu imeandikwa, halafu niagize maktaba halisi. Kinachohitajika ni intaneti tu.

Hapo ndipo balaa. Nyumba yetu iko hatua chache kutoka mpakani. Simu ikilala upande wa dirisha iko Tanzania, ikigeuka upande wa kabati iko Zambia. Nimekaa kwenye kigoda cha mama, kwenye ardhi ya Tanzania, miguu kwenye beseni la Tanzania, ujumbe unaingia kunikaribisha Zambia na kunitakia safari njema. Na bando langu likishavuka halinijui tena. Nilianza kupakua mara tano. Mara tano nikakaribishwa Zambia.

Mpango: nikajisogeze Mpemba, mbali na mpaka. Tatizo lilikuwa kuibeba kompyuta ya kanisa kwenye mvua na kwenye macho ya vibaka wa stendi. Nikaifunga kwenye taulo, nikaivalisha mfuko, nikaibeba mgongoni kwa kitenge cha mama kama mtoto. Nani atamwibia mtu mtoto wake? Nilijipongeza.

Kwenye bajaji alikaa bibi mmoja mwenye kapu la maharage. Akamsifu mtoto kwa utulivu. Akauliza ana umri gani. Mimi siwezi kusema uongo haraka, na maswali ya wageni hunichanganya, nikasema miaka sita. Bibi akanyamaza mpaka Mpemba.

Lakini Mpemba! Mtandao unatiririka! Nilikaa kibarazani kwa duka la pembejeo. Python mpya ikashuka yote. Nikaagiza pygame. Ikaandika kwamba imesakinishwa kikamilifu. Machozi yalinitoka, muuza duka akanipa pole ya msiba.

Nikarudi nyumbani na mwanangu mgongoni. Nikafungua programu ya nyimbo.

Pygame ipo, ila haina init.

Nitafikiri kesho. Bado asilimia tisini.

Alhamisi, 20 Februari

Mashine hii ni mnafiki. Nikiiambia lete pygame, inajibu ninayo tayari, hitaji hilo limeshatimizwa. Nikifungua programu, inalalamika vile vile. Nimeiuliza mara nne. Mara nne imejibu ninayo, kwa upole, kama mtu aliyeficha kitu nyuma ya mgongo. Bando limekwisha kwenye ubishi huo.

Mchana mama akaanza kugeuza nyumba. Wanawake wa kwaya wamemwomba apike wali wa wageni Jumapili, na sufuria kubwa haionekani. Nikamwambia tunayo, niliiona kwa macho yangu. Mama akasema anajua tunayo, yeye ndiye aliyeinunua. Nikasema basi ipo. Akasema haipo.

"Tunayo, lakini haipo," mama akaniambia, kwa sauti ya kumweleza mtoto wa chekechea. "Iko Nakonde kwa rafiki yangu Bana Mulenga, niliiacha siku ya arusi. Utasonga ugali hapa kwa sufuria iliyoko Zambia?"

Nikasimama. 

Tunayo, lakini haipo! Kompyuta haikudanganya hata kidogo. Kaka Clever alikuwa na Python yake ya zamani. Mimi nimeongeza mpya. Ziko mbili kwenye mashine moja, kama Tunduma na Nakonde, zinaonana lakini kila moja na forodha yake! Maktaba nimeishushia kwa mpya, na programu ya nyimbo inapikia kwa ile ya zamani. Nikatazama alama ninayobonyeza kufungua programu, nikakuta kweli, imeandikwa njia ya kwenda kwa ya zamani, na namba yake.

Nilipiga kelele ya furaha. Mama akaniambia niende Nakonde sasa hivi nikalete sufuria. Nikasema naam, mama, nikachukua daftari na kuanza kuandika amri za kompyuta, upande wa kwanza kwa bluu, wa pili kwa nyekundu.

Sufuria nimeisahau. Nimekumbuka sasa, na forodha wamefunga. Mama hajauliza bado. Nimejaza mitungi yote maji ili awe na moyo mwepesi.

Asilimia tisini na tisa.

Ijumaa, 21 Februari

Mama ameuliza. Tuliache hilo. Anasema sufuria ibaki huko huko, atapika kwa tatu ndogo, na jina langu litatajwa kila atakapokoroga.

Python ya zamani haikuwa na kile kifaa cha kuagizia, kwa sababu kuna mtu alikifuta. Lakini nimesoma kwamba waliotengeneza walificha cha akiba ndani yake, na mstari mmoja tu unakiamsha. Inaelekea dunia nzima kuna watu wanaofuta. Nilifarijika sana.

Nikanunua bando, nikambeba mtoto, nikaenda Mpemba. Bibi yule yule! Kapu lile lile! Akanitazama, akamtazama mtoto. Akauliza kwa sauti ya chini kama bado hajaanza kutembea. Nikasema bado. Akauliza analia? Nikasema hulia akiishiwa umeme. Nilimaanisha kuwa mkweli. Bibi akashika mkono wangu, akasema mwanangu, huyo mpelekeni hospitali ya mkoa, msisikilize maneno ya majirani. Wote kwenye bajaji wakaitikia. Dereva akanisamehe nauli.

Kibarazani kwa duka la pembejeo mstari wa akiba ukakubali. Kifaa kikaamka. Nikaagiza pygame, safari hii kwa Python ya zamani, kwa jina lake kamili na njia yake yote mpaka mlangoni. Ikashuka. Imesakinishwa kikamilifu!

Kabla sijaijaribu, betri ikakata. Nimefika nyumbani, umeme hakuna mtaa mzima. Haidhuru. Hakuna kilichobaki. Asilimia mia. Kesho saa nne asubuhi kamati inakuja kanisani kuona jaribio. Nimeshapiga pasi sketi, kwa pasi ya mkaa, ya kukalia kwenye kiti kinachozunguka.

Jumamosi, 22 Februari

Siku mbaya.

Niliamka mapema. Umeme ulikuwa umerudi, nikachaji. Nikatazama simu, muda bado upo. Nikasuka upya nywele za mbele. Nikatazama simu, muda bado. Nikatoka taratibu ili nisitoe jasho. Nikafika kanisani saa nne kamili, na kanisa karibu tupu.

Simu ilikuwa imelala upande wa kabati. Ilikuwa inasoma saa ya Zambia.

Kila mtu wa Tunduma anajua kwamba Zambia iko nyuma saa nzima. Watoto wanajua. Mbuzi wanajua. Nimekaa hapa miaka kumi na saba! Kamati ilinisubiri ikachoka, wakabaki wawili tu, Mzee Yonathani akiwa na kofia mkononi tayari kuondoka, na Tabita akiwa na manila kumi na nne zilizokunjwa kama mabomba.

"Binti yangu," Mzee akaniuliza, "wewe ni wa Tunduma au umeshuka na lori la jana?"

Nikafungua kompyuta. Nikabonyeza.

Pygame ipo, ila haina init.

Mzee Yonathani akavaa kofia. Akasema kwa upole, na upole wake uliniuma zaidi, kwamba kesho tutatumia manila za Tabita, na nisijali, hata yeye alifeli mara mbili kupata leseni ya pikipiki.

Tukabaki na Tabita. Akaniuliza nilikuwa napakua wapi na mtandao wa mtaani kwetu ulivyo. Nikamwambia Mpemba. Akashangaa. Akasema kwenye simu kuna sehemu unachagua mtandao kwa mkono, ukishauchagua wa Tanzania hauvuki tena hata ukilala juu ya alama ya mpaka. Akanionyesha. Sekunde kumi! Safari mbili za Mpemba! Bibi na kapu lake!

Halafu akaomba aitazame hiyo kompyuta kidogo. Nikaifunga. Kifuniko kilimgusa kidole kidogo. Akasema hamna shida, akakinyonya.

Nyumbani mama ameshakunja nguo zangu. Ameziweka kwenye mfuko wa shangazi kaja, mkubwa, wenye zipu. Juu kabisa ameweka kopo la mafuta ya kujipaka, jipya, ambalo hajawahi kuninunulia. Nimeona hilo kopo ndipo nikalia.

Asilimia arobaini. Labda arobaini na tano.

Jumapili, 23 Februari

Naandika kwa mpangilio, maana moyo unataka kuanzia mwisho.

Asubuhi mvua. Kwaya za Mlowo na Hasamba zilifika mapema, zimejazana nyuma. Kwaya ya Ileje ilifika na matope mpaka magotini, na mwalimu wao Gwalugano, mtu mrefu mwenye sauti inayotoka chini ya sakafu. Wamekuja na wimbo wa Kindali, lugha ya kwao, wa beti tisa. Maneno yake yalitumwa mwezi uliopita na ni mimi niliyeyachapa kwenye kompyuta. Hayako pengine popote hapa Tunduma.

Kompyuta niliibeba, kwa sababu ni ya kanisa na lazima irudi. Nikaiunganisha na projekta kwa sababu ndiyo mahali pake. Sikuwa na mpango wowote.

Ndipo Tabita akaingia. Mvua ilimkuta njiani. Manila zake kumi na nne zimelowa, kalamu nene imetiririka. Aliikunjua ya kwanza na ikawa anga. Ya pili nayo anga. Mikono yake bluu mpaka kwenye viwiko. Mwalimu Gwalugano akatania kwamba huo wimbo wameuimba sana, ni ule usio na maneno. Watu wakacheka. Tabita hakucheka. Nilidhani nitafurahi. Sikufurahi sana.

Akaja akaketi karibu yangu nyuma ya projekta, akidondosha maji ya bluu. Akasema kwa sauti ya chini, "Tumpale, nikuombe tena. Niangalie tu. Sigusi, mikono yangu mwenyewe unaiona."

Nikatikisa kichwa. Juu na chini. Kwa makusudi.

Akaniambia nifungue folda ya programu na nipange mafaili kwa ukubwa. Ndicho walichofundishwa Vwawa, na mimi nilikicheka kwa wiki nzima. Nikapanga. Chini kabisa kukawa na faili moja la ukubwa wa sifuri. Jina lake pygame.

Tabita akauliza hili ni la nani, mbona halina kitu ndani.

Nikahisi joto la masikio. Kopo langu! Sasa nikaona yote. Programu ikitafuta kitu huanza kutafuta nyumbani kwake mwenyewe. Inafungua kabati, inakuta kopo limeandikwa Sukari, inalichukua, haiendi tena dukani. Maktaba halisi ilikuwa imekaa dukani tangu Ijumaa, imekamilika, inasubiri kuitwa.

Nikasema ni virusi.

Tabita akatazama tarehe. Akanitazama mimi. Akasema, "Virusi vya Jumanne." Halafu akasema, "Basi vifute."

Nikafuta. Nikabonyeza.

Ukuta ukawaka!

Herufi nyeupe, safi, ubeti wa kwanza wa wimbo wa Ileje kutoka dirisha mpaka dirisha. Mwalimu Gwalugano akageuka, akaona, akasahau mkono wake hewani. Kwaya ikaanza bila yeye. Watu wa Mlowo hawajui Kindali, lakini waliyasoma maneno ya ukutani kwa lafudhi yao ya Kinyiha, kwa nguvu zote, mpaka mwalimu akaishiwa pumzi kwa kicheko na kuongoza kwa kofia.

Na mama. Alikuwa mlangoni na moja ya sufuria zake tatu ndogo. Mama ni wa Ileje. Kindali anakiongea, hajawahi kukiona kimeandikwa kikubwa kuliko yeye. Aliiweka sufuria chini, katikati ya njia, akawa anafuata neno moja moja kwa kidole hewani, midomo inatembea. Ubeti wa tano akaanza kuimba. Sijui wali uliungulia wapi, lakini uliungua, na hakuna aliyelalamika.

Mwishoni Mzee Yonathani akasimama akauliza, nani aliyeitengeneza? Nilitazama viatu. Tabita akasema kwa sauti yake ya kwanza, inayofika mpaka barabarani, "Ni Tumpale." Kanisa likapiga makofi. Mzee akasema kesho saa mbili dukani, na saa mbili ya Tanzania.

Tabita hatimaye amekubali kwamba nimemshinda. Nadhani kwa ndani imemuuma, lakini alijitahidi kuificha. Alinipigia makofi kuliko wote, mpaka bluu ikaruka kwenye blauzi yangu.

Mama ametoa nguo kwenye mfuko. Lile kopo la mafuta amesema nibaki nalo.

Jumanne, 25 Februari

Siku ya pili ya kazi. Kiti kinazunguka pande zote mbili.

Nimetoa kopi za vyeti vya kuzaliwa, nimechapa barua ya mtu ya kuomba uhamisho, sikuongea na zaidi ya watu wanne. Maisha ni mazuri. Bibi wa maharage alipita dirishani, akaniona sina mtoto, akaanza kulia. Nilimfanyia ishara kwamba mtoto amepona. Akainua mikono juu kumshukuru Mungu.

Mchana Mzee Yonathani akaniletea kompyuta ya kwaya niweke picha za tamasha. Ikakataa. Imejaa. Sikushtuka, mimi si yule wa zamani. Sasa najua kilichomo. Nikakagua kwa utulivu, folda kwa folda, nikaona tatizo wazi wazi. Kuna Python mbili! Mashine moja ya kanisa inalisha mbili, na moja ni nzee kabisa, ya miaka sita. Ule ni uchafu. Mtu asiyejua angefuta ovyo. Mimi nilichagua.

Nikafuta nzee. Nikamwaga na pipa.

Picha zikaingia zote, na ile ya mama akiimba imetoka vizuri sana.

Saa kumi kasoro, kwa kujiridhisha tu, nikabonyeza programu ya nyimbo. Imeandika kwamba kitu ulichoelekeza hakipo mahali pake.

Mzee Yonathani akachungulia. Akasikitika. Akasema jana alisikia radi upande wa Mpemba. Nikatikisa kichwa. Juu na chini.

Mara Tabita akaingia kununua manila kumi na nne na kalamu ambayo haitoki kwa maji. Nikamuuliza za nini, tamasha si limekwisha. Akaitazama kompyuta. Akanitazama mimi, akatabasamu, akasema, ikitokea.

Wivu haujamwisha.

Sina wasiwasi. Jumapili bado mbali na nimeshapata mpango wa akili sana. Kama tatizo ni kwamba folda haipo mahali pake, naiweka! Nimetengeneza folda mpya, nimeiandika jina lile lile la nzee, herufi kwa herufi. Kwa sasa ni tupu, lakini jina liko sahihi. Asilimia tisini na nane.

Wewe uliyefika mpaka hapa, umeona mengi kuliko mama yangu. Mzee Yonathani anailaumu radi, na radi haijali. Mwache ailaumu. Ukikutana na mtu wa kwaya yetu, tikisa kichwa tu, usiseme kitu.